Keki ya Chokoleti Inapoharibika katika Majiko ya Unguja na Pemba

Keki ya chokoleti ina ubaya mmoja ambao keki nyeupe haina, nao ni kwamba rangi yake haikuambii kitu. Keki ya iliki au ya ndimu ikianza kuiva hugeuka rangi ya dhahabu, na mpishi aliyesimama mbele ya kioo cha oveni hujua amefika wapi. Hii nyingine huingia nyeusi na kutoka nyeusi, iwe mbichi au imeungua. Anayeichoma hulazimika kutegemea pua, kidole, kijiti na saa, na mara nyingi kasoro hujitokeza pale kisu kinapoingia, wageni wakiwa wameshakaa na chai imeshamiminwa.

Jambo la pili la kulijua kabla ya kutafuta kosa ni kwamba mapishi mengi ya keki hii yameandikwa na watu wenye majiko baridi. Wanaposema siagi iwe ya joto la chumba, chumba wanachokikusudia ni cha nyuzi 20 hivi za Selsiasi, ilhali jiko la Mjini Unguja wakati wa kaskazi laweza kufika nyuzi 31 au 32 kabla hata moto haujawashwa. Wanaposema unga ukae kabatini, hewa wanayoifikiria si hii yetu ya masika, inayolainisha biskuti kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mwenye kuharibikiwa na keki asikimbilie kuyalaumu mapishi wala mkono wake; akague kwanza joto la nyumba, unyevu wa hewa, moto wa jiko na vipimo, kwa mpangilio wowote, kwani kasoro nyingi nilizopata kuzitazama hutoka katika hivyo vinne.

Ili tuzungumzie kitu kimoja, nachukua kipimo kifuatacho kuwa cha kurejelea: unga wa ngano gramu 240, sukari gramu 350, kakao gramu 75, bekingi soda kijiko kimoja na nusu cha chai, bekingi pauda vivyo hivyo, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai makubwa 2, maziwa ya mgando mililita 240, mafuta ya kupikia mililita 120, kahawa ya moto mililita 240 na arki ya vanila vijiko 2 vya chai. Vitu vikavu huchekechwa pamoja, vya majimaji hufuata, kahawa humiminwa mwisho kidogo kidogo ili isiyapike mayai, kisha mchanganyiko hugawanywa katika treya mbili za duara za sentimita 23 na kuchomwa kwa nyuzi 175 kwa dakika 30 hadi 35. Waliozoea mchanganyiko mzito wa keki ya siagi hushtuka wakiuona huu unavyotiririka kama uji wa mgonjwa, wakaongeza unga. Wasiongeze, wepesi huo ndio unaoifanya keki iwe laini hata siku ya pili.

Keki imezama katikati

Hili ndilo linalolalamikiwa kuliko yote, na sababu zake ni kadhaa zinazofanana kwa nje, kwa hiyo ikate keki kabla ya kukisia. Ikiwa katikati pana unyevu unaong'aa na kunata mfano wa halua iliyotoka motoni, keki haikuiva. Ikiwa katikati pameiva lakini pana matundu makubwa yaliyotawanyika, na kingo zimesimama juu kama ukingo wa sahani, basi dawa ya kuumulia ilizidi. Ikiwa ndani ni sawa kabisa na bonde lenyewe ni dogo, yamkini mlango wa oveni ulifunguliwa mapema au moto ulipungua njiani.

Ya kwanza hutibiwa kwa subira. Kijiti cha mshikaki kikichomwa katikati kitoke na chembe chache zenye unyevu, wala si na uji. Kidole kikibonyeza juu, keki irudi ilipokuwa. Na pembeni ianze kuachana na treya. Mwenye kipimajoto cha chakula asibahatishe, kwa sababu keki ya aina hii huwa imeiva pale katikati yake panapofika nyuzi 96 hadi 98. Dakika zilizoandikwa katika mapishi zichukuliwe kuwa ni dalili tu, hasa kwa anayetumia treya moja yenye kina badala ya mbili, ambaye atahitaji muda mrefu zaidi na moto wa chini kidogo, wa nyuzi 160 hivi.

Ya pili ni kosa la wenye bidii. Binti mmoja wa mtaani kwetu aliniletea keki iliyokuwa na shimo la kuweza kutia kikombe, akaniambia, "Mama, soda nimezidisha kidogo tu, ili ifure vizuri." Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo kidogo ndiyo iliyoiangusha." Gesi ikiwa nyingi mno huvimba upesi kuliko unga na mayai yanavyoweza kukaza; mapovu hukutana, hupasuka, na keki iliyopanda hadi ukingoni huanguka kabla haijapata mfupa. Kijiko cha chai cha kupimia ni cha mililita 5 na huchotwa kikasawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kijiko tunachokorogea chai nyumbani hakina ukubwa maalumu, na kikichotwa kwa mlima huweza kubeba karibu mara mbili ya kiasi kinachotakiwa. Tena magadi yale ya kulainishia kunde na maharage si bekingi soda, ingawa watu huyaita kwa jina linalokaribiana. Ukali wake ni mwingine, na keki itaonyesha.

Kuhusu mlango wa oveni, usiguswe katika dakika 20 za mwanzo. Umeme ni habari nyingine, kwa sababu haungoji ruhusa ya mtu. Unguja hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwepo tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa gizani kwa miezi mitatu, wanakumbuka jinsi seredani, yaani majiko ya makaa, zilivyorudi kutawala. Ukikatika siku hizi katikati ya uchomaji, jambo la kufanya hutegemea dakika. Ikiwa keki imeshakaa dakika 25 na juu yake pameshikana, usifungue chochote: oveni iliyofungwa hukaa na joto lake kwa muda, na pengine litatosha kuimalizia. Ikiwa ni dakika kumi za mwanzo, mchanganyiko bado ni majimaji na hautangoja. Uhamishie haraka kwenye sufuria iliyokwisha kupashwa moto juu ya gesi au makaa, ukubali kwamba sura haitakuwa nzuri. Kuna na umeme mdogo, ule wa magharibi taa zinapofifia kila nyumba ikipika, ambapo oveni huwaka taa yake kama kawaida lakini ndani haifiki joto lililoandikwa. Keki nyingi zinazozama za mkesha wa Idi ni za saa hizo, na dawa yake ni kuchoma baada ya sala ya alfajiri.

Imeungua chini, juu bado mbichi

Katika oveni, treya ilikaa chini mno au ni nyembamba na nyeusi. Ipandishe kati, na ukipenda weka treya tupu kwenye ngazi ya chini kukinga moto. Oveni ndogo za gesi zenye namba badala ya nyuzi huwachanganya wengi: namba 4 ni kama nyuzi 180, na anayeweka 6 kwa haraka yake anachoma kwa nyuzi 200. Oveni yenye feni nayo ipunguzwe nyuzi 20 kutoka zile zilizoandikwa.

Asiyeiamini namba ya oveni yake anaweza kuijaribu kwa sukari. Sukari nyeupe huyeyuka karibu na nyuzi 186, kwa hiyo kijiko kimoja kikiwekwa juu ya karatasi ya foili katika oveni iliyopangwa 175 kwa dakika 15, kinatakiwa kibaki punje. Ikipandishwa hadi 190 kwa muda kama huo, kiyeyuke. Kikiyeyuka kwenye 175, oveni inadanganya kwa kuzidisha, na kisipoyeyuka kwenye 190 inadanganya kwa kupunguza. Jaribio hili ni la senti chache na limeokoa keki nyingi kuliko ushauri wangu mwingine wote.

Wanaotumia makaa wana elimu wanayoisahau. Kila aliyekulia katika nyumba ya mkate wa kumimina anajua kwamba mkate ule huivishwa kwa kupaliliwa, makaa yakiwa chini na juu ya kifuniko, na kwamba moto wa juu ndio unaoupa sura. Lakini mtu huyohuyo akitaka kupika keki huweka seredani inayowaka kwa ghadhabu chini ya sufuria na vipande vitatu vya makaa juu, akashangaa. Keki hutaka kinyume chake: theluthi mbili za makaa juu, theluthi moja chini, na yote yawe yameshashika jivu jeupe, si yale mekundu yanayorusha cheche. Ndani ya sufuria kubwa tandaza mchanga mkavu na safi wa kina cha sentimita 2 au 3, weka juu yake vijiwe au kishikizo cha chuma, kisha treya ya keki juu yake ili isigusane na mchanga. Pasha sufuria hiyo tupu dakika 15 kabla ya kuingiza keki. Chochea makaa ya juu baada ya dakika 20 kwa kuongeza mapya yaliyokwisha kuwashwa pembeni, na fanya kazi hii uani au penye hewa ya kutosha, kwani moshi usioonekana wa makaa huua ndani ya chumba kilichofungwa. Keki ya mafuta niliyoieleza hapo juu huvumilia moto wa namna hii kuliko ya siagi.

Imepanda kama kuba na kupasuka

Moto ulikuwa mkali, ukingo ukakaza kabla ya katikati, na katikati ikatafuta pa kutokea. Punguza nyuzi 15 na uongeze dakika. Kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji, kikakamuliwa na kufungwa kuzunguka treya, hupoza ukingo ili keki ipande sawa. Hii ni kwa oveni tu. Mpasuko wenyewe hauna madhara. Kata kuba, igeuze keki juu chini, na kile kilichokatwa ni haki ya watoto waliokuwa wakichungulia.

Nzito, haikufura, au ina tabaka kama mpira chini

Hapa ndipo joto letu linapofanya kazi yake. Katika keki ya siagi, sukari hupigwa pamoja na siagi ili punje zake zitoboe vijumba vya hewa ndani ya mafuta yaliyo magumu kiasi, na vijumba hivyo ndivyo vitakavyovimba motoni. Siagi hufanya hivyo vizuri ikiwa kati ya nyuzi 18 na 21. Ikiachwa juu ya meza ya jiko la Chake Chake, Pemba, mwezi wa Februari kwa nusu saa, huwa si siagi tena ya kupigwa. Ni mafuta, na mafuta hayashiki hewa ya aina hiyo. Mpishi hupiga mpaka mkono ukachoka, mchanganyiko ukabaki unang'aa na mzito badala ya kuwa mweupe na mwepesi, na keki ikatoka na tabaka la chini lililoshikana, lenye kutafunika kama mpira.

Kwa hiyo siagi itoke friji, ikatwe vipande, ikae dakika 10 tu, na bakuli likalishwe ndani ya bakuli jingine lenye maji ya barafu endapo mchanganyiko unaanza kung'aa. Mayai, ambayo vitabu husisitiza yasiwe baridi, hapa kwetu ni afadhali yawe yametoka friji kitambo kidogo, kwa sababu ubaridi wake huirudisha siagi kwenye hali yake. Yakiwa ya barafu kabisa yataukata mchanganyiko, uonekane kama maziwa yaliyoganda vibaya, na hapo kijiko kimoja cha unga huurekebisha. Au mpishi aiache siagi kwa ajili ya mkate wa asubuhi, atumie mafuta. Nikiulizwa nichague kwa ajili ya visiwa hivi, nachagua mafuta miezi yote isipokuwa ile ya kusi, Juni mpaka Agosti, siagi inapopata nafuu. Utamu wa siagi katika keki iliyojaa kakao hausikiki kiasi cha kustahili taabu hiyo.

Uzito una sababu nyingine pia. Kukoroga sana baada ya unga kuingia huamsha ile nguvu ya ngano inayotakiwa katika chapati na boflo, na haitakiwi hapa. Koroga mpaka weupe wa unga upotee, basi. Unga tunaonunua kwa kawaida ni wa matumizi yote na una nguvu kuliko ule wa keki, kwa hivyo kuondoa vijiko 2 vya supu katika kila kikombe na kuweka konflawa mahali pake huleta tofauti inayoonekana. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, na mapishi yanayosema mayai 2 yanakusudia yale ya takriban gramu 50 kila moja bila ganda. Ya kienyeji yapimwe, au yawe 3. Mapishi yaliyotungwa Nairobi nayo yatazamwe kwa makini. Mji ule uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na wapishi wake wenye uzoefu hupunguza dawa ya kuumulia kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi na keki hupanda upesi mno. Mapishi hayo yakiteremshwa hadi ufukweni mwetu bila kubadilishwa, keki hutoka fupi.

Mwisho, bekingi pauda huenda imekufa. Unyevu wa masika huingia katika kopo lililofunguliwa na kuianzishia kazi yake mapema, ikiwa bado kabatini. Tia nusu kijiko cha chai katika maji ya moto: ikichemka kwa povu la nguvu, ni nzima, ikitoa vipovu viwili vitatu kwa uvivu, itupe. Soda hujaribiwa kwa siki au ndimu. Zote mbili zikae kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Na mchanganyiko ukishatiwa majimaji usingoje; anayeanza kuwasha oveni wakati huo ameshachelewa.

Kavu, inamomonyoka

Wengi huiongeza kakao ili keki iwe ya chokoleti zaidi, na matokeo yake ni ukavu, kwa kuwa kakao hunywa maji kuliko unga. Ikiongezwa gramu 20, majimaji nayo yaongezwe na unga upunguzwe. Sababu nyingine ni kikombe. Kikombe cha kupimia ni cha mililita 240 au 250, na unga uliotiwa humo kwa kijiko bila kushindiliwa ni gramu 120 hadi 130. Ukichotwa kwa kikombe moja kwa moja kutoka mfukoni na kushindiliwa, hufika 150 au zaidi. Katika vikombe viwili tofauti hiyo ni gramu 50, nayo yatosha kuikausha keki yoyote. Mizani ndogo ya jikoni ndicho chombo cha kwanza cha kununua, kabla ya mashine ya kupigia, kabla ya treya za maua.

Keki iliyokwisha kukauka haijapotea. Chemsha sukari na maji kwa kiasi sawa, gramu 100 kwa mililita 100, ipoe kidogo, kisha itoboe keki kwa kijiti na uipakaze kwa brashi vijiko 3 au 4 vya supu kwa kila tabaka. Ukiweka hiliki moja iliyopasuliwa katika shira hiyo hakuna atakayeuliza kwa nini.

Ladha si yake

Ladha ya sabuni, pamoja na wekundu usio wa kawaida ndani, ni soda iliyozidi au iliyokosa asidi ya kukutana nayo, na hapa inabidi kuijua kakao yenyewe. Kakao ya asili, mfano wa ile inayosagwa kutokana na mbegu bila kutiwa kitu, ni ya rangi ya kahawia iliyofifia na ina uchachu. Uchachu huo pamoja na ule wa maziwa ya mgando ndio unaoamsha soda. Kakao iliyotiwa alkali ni nyeusi zaidi, ladha yake ni tulivu, na uchachu umeshaondolewa. Asili ya njia hiyo ni Uholanzi, katika karne ya 19, kwa Coenraad van Houten. Anayetumia hii ya pili kwa mapishi yanayotegemea soda peke yake hubaki na soda isiyo na kazi mdomoni, kwa hiyo apunguze soda na kuegemea bekingi pauda. Tazama viambato: ikitajwa alkali au potasiamu kaboneti, ndiyo hiyo. Kakao ya kupimwa kwenye mfuko wa nailoni pale sokoni Darajani haina maandishi, lakini inaweza kuulizwa: changanya kijiko chake katika maji ya moto, nyunyiza soda kidogo, na ya asili itatoa povu.

Ladha hafifu, keki ya rangi ya udongo na tamu kupita kiasi, karibu kila mara ni kosa la kopo. Unga wa chokoleti ya kunywa una sukari nyingi na kakao kidogo, nao haufai hapa hata ukiongezwa maradufu. Kakao halisi ni chungu ikiwekwa ulimini. Tanzania hulima kakao yake, hasa Kyela mkoani Mbeya, na mtu akiipata ile iliyosagwa vizuri hana sababu ya kuionea aibu mbele ya makopo ya nje.

Hata kakao nzuri hukaa kimya isipoamshwa kwa moto. Kahawa iliyochemka ndiyo inayoifungua, na haiifanyi keki iwe na ladha ya kahawa. Huyafanya machungu ya kakao yasikike kwa kina. Kahawa ya mdila, ile chungu ya barazani, inafaa mno, na ikiwa ina tangawizi usiogope, mimi hupendelea hivyo. Asiyetaka kahawa atumie maji yanayochemka. Chumvi isiachwe: bila nusu kijiko hicho keki huwa tamu juu juu tu.

Imeshika kwenye treya

Paka mafuta, nyunyiza kakao badala ya unga ili kusibaki weupe, tandika karatasi chini. Keki ikae ndani ya treya dakika 10 baada ya kutoka, kisha igeuzwe. Ikigeuzwa ya moto huvunjika, na ikiachwa mpaka ipoe kabisa hutoa jasho na kunata.

Chokoleti na krimu za juu

Chokoleti ya kuyeyusha haipatani na tone moja la maji. Mvuke wa sufuria ukiiingia, au kijiko kilichooshwa na kutofutwa, hushikana ghafla kuwa chengachenga zito lisilomiminika. Wapishi huitupa, na hilo ni kosa, kwa sababu maji machache ndiyo yaliyoiharibu na maji zaidi huitengeneza: tia kijiko cha supu kimoja kimoja cha maji ya moto au krimu ya moto, ukikoroga, mpaka ilainike. Haitafaa tena kwa mapambo ya kukauka, lakini kwa kupaka keki ni nzuri.

Ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu ya moto, hukatika na kuelea mafuta ikiwa krimu ilichemka kupita kiasi au mchanganyiko ulikorogwa ukiwa moto mno. Iache ipoe kidogo, tia kijiko cha maziwa vuguvugu katikati, koroga polepole kutoka katikati kwenda nje. Kwa uzani, vitabu vya nchi baridi husema chokoleti na krimu sawa kwa sawa. Hapa kwetu iwe gramu 200 za chokoleti kwa gramu 100 za krimu, la sivyo itateremka pembeni na kujikusanya kwenye sahani, kwani siagi ya kakao yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi na chumba kimeshafika jirani.

Krimu ya siagi na sukari ya unga ndiyo inayoaibisha zaidi kwenye harusi za mchana. Siagi tupu haisimami. Ichanganye nusu kwa nusu na majarini, ambayo hustahimili joto kidogo zaidi, au iache kabisa kwa ajili ya shughuli za usiku. Kuna chokoleti ya mapambo iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao, nayo haiyeyuki upesi, lakini hubaki kinywani kama nta ya mshumaa na siipendekezi isipokuwa kwa maua ya juu yasiyoliwa. Keki inayosafirishwa kutoka Mjini kwenda Nungwi kwa gari la abiria isipakwe kitu nyumbani: ibebe tabaka zake zikiwa baridi kutoka friji, na ganashi ndani ya chupa, upakaze ukifika.

Weupe unaojitokeza juu ya chokoleti baada ya siku mbili si ukungu. Ni mafuta yaliyopanda kwa joto au sukari iliyoyeyushwa na jasho la friji, na hauna madhara. Ukungu wenyewe una manyoya, na wakati wa masika huja siku ya tatu kwenye keki iliyofunikwa ikiwa bado ina uvuguvugu. Keki isiyo na krimu ikae nje siku mbili kwenye chombo kilichofungwa. Yenye krimu au maziwa isizidi saa mbili nje ya friji kwa joto letu. Ile ya mafuta hubaki laini hata ikiwa baridi, ila hutaka dakika 20 mezani ili ladha irudi, na katika dakika hizo sahani yake isimame ndani ya sinia lenye maji, kwa sababu sisimizi hawangoji wageni.